Malaika Aliyekula Uduvi

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hawakusema, hata hivyo, kwamba kila aliyepewa jina jema ana mwenendo unaolingana nalo. Jambo hili nilifunzwa si darasani, ambako nimefundisha isimu kwa miaka mingi, bali sebuleni mwangu, mbele ya tangi la kioo lililokuwa na samaki wanne na uduvi kumi na wawili. Ningependa makala haya yawafikie hasa walimu na wanafunzi, kwani kosa lililotendeka nyumbani kwangu ni kosa la mtu aliyesoma vitabu vingi akasahau kusoma kilichokuwa mbele ya macho yake.

Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa gredi ya sita, alikuwa amenisihi kwa muda mrefu nimnunulie samaki wa kufuga. Siku moja tulikwenda katika duka fulani jijini Nairobi, naye akavutiwa papo hapo na samaki bapa wa rangi ya fedha, wenye mistari myeusi ya wima na mapezi marefu yaliyoning'inia kama shela la bibi harusi.

"Hawa ni malaika, mzee," muuzaji alituambia. "Hawana ugomvi na mtu." Kisha akatuonyesha uduvi wekundu, wadogo kuliko kidole cha mtoto. "Na hawa ni wasafishaji. Watakula uchafu wote wa tangi, na wataishi na malaika kama ndugu."

Kila jioni binti yangu aliwahesabu uduvi wale na kuandika idadi yao daftarini. Wiki ya kwanza walikuwa kumi na wawili. Wiki ya pili walikuwa tisa, na wiki ya tatu wanne. Tulijipa moyo kwamba wamejificha nyuma ya mawe. Hatimaye, jioni moja tulipokuwa tukisubiri chakula, tulimwona uduvi akitambaa juu ya jiwe. Malaika aliyekuwa karibu aliinamisha kichwa, akamtazama kwa utulivu, kisha akafumbua mdomo na kuufumba. Uduvi hakuwapo tena.

"Baba," binti yangu aliniuliza, "mbona ukasema ni malaika?"

Sikuwa na jibu. Na kama kwamba aibu hiyo haikutosha, wiki iyo hiyo samaki wawili kati ya wale wanne walikufa, mmoja siku ya Ijumaa na mwenziwe siku ya Jumapili.

Muuzaji yule simlaumu sana. Ninayemlaumu ni mimi mwenyewe. Mtu mwenye shahada ya uzamifu katika isimu anapaswa kujua, kuliko mtu mwingine yeyote, kwamba baina ya neno na kitu kinachotajwa na neno hilo hapana uhusiano wa lazima. Hilo ndilo somo la awali kabisa tunalowafunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza: nyumba haiitwi nyumba kwa sababu silabi zake zina kuta na paa. Lakini niliposikia neno malaika, ambalo kwa Kiswahili tunawaita hata watoto wachanga kwa sababu ya usafi wao, nilisahau somo langu mwenyewe.

Je, samaki huyu ni nani hasa? Malaika wa tangi la nyumbani ni samaki wa maji yasiyo ya chumvi, na kwao ni Amerika ya Kusini, katika mito ya Amazon na Orinoco na ile ya nchi za Guiana. Asichanganywe na wale samaki wa rangi nyingi wanaokaa katika matumbawe ya pwani yetu, ambao Waingereza huwaita kwa jina lilo hilo la malaika. Hao ni wa bahari na ni wa ukoo mwingine kabisa. Huyu wetu alipewa jina lake la kisayansi, Pterophyllum scalare, katika karne ya kumi na tisa. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya bawa na jani. Sehemu ya pili ni ya Kilatini, na inahusu ngazi. Mwanasayansi, basi, hakuona malaika. Aliona jani lenye mabawa.

Wajerumani nao waliona tanga la jahazi, na jina walilompa lina maana ya mwenye mapezi ya tanga. Lakini jina linalonipendeza kupita yote ni la Brazili, ambako samaki huyu yupo mitoni. Huko huitwa acará-bandeira. Mwalimu wa Kiswahili hatahitaji kufasiriwa neno hilo la pili, kwa maana ndilo lililotupa neno letu bendera, tulilolipokea kwa Wareno pamoja na meza, leso na gereza. Watu wanaoishi naye, basi, walimwita bendera kwa sababu ya umbo lake wanaloliona. Hawakumsifu wala hawakumlaumu. Laiti nasi tungemwita samaki bendera, nadhani ningeuliza maswali mengi zaidi dukani siku ile.

Kuna jambo jingine ambalo jina la malaika lilinificha. Samaki huyu ni wa ukoo wa Cichlidae, na ukoo huo tunao hapa kwetu: ngege wa Ziwa Victoria ni jamaa yake. Ningemfikiria kama jamaa ya ngege, nisingetazamia utakatifu wowote kwake. Ningetazamia samaki mwenye akili, anayelinda eneo lake, anayetunza mayai na watoto wake, na ambaye humeza kila kiumbe kinachopita kinywani mwake. Kwao mtoni hujificha baina ya mizizi na mashina yaliyozama, na ile mistari yake myeusi humfanya afanane na vivuli. Anachokingojea ni wadudu, vijisamaki na uduvi. Kwa hiyo malaika wangu hakutenda dhambi yoyote. Alikula mlo wake wa siku zote. Aliyekosa ni yule aliyemwekea mlo huo mbele yake kisha akauita ndugu yake.

Sasa nigeukie kifo cha wale samaki wawili, kwani hapo kosa letu lilikuwa kubwa zaidi. Sisi watu wa nchi hii tumelelewa katika ukarimu. Mgeni hakai na njaa nyumbani mwetu, na samaki wale tuliwachukulia kuwa wageni. Binti yangu aliwapa chakula asubuhi kabla ya kwenda shule. Msaidizi wetu wa nyumbani aliwapa mchana. Mimi niliwapa jioni nikirudi kazini, na kila mgeni aliyeingia sebuleni aliomba naye ajaribu. Samaki walikuja juu kila mara wakifungua vinywa, nasi tukadhani kwamba wana njaa. Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulisahau siku ya tatu.

Chakula kisicholiwa huoza, na samaki nao hutoa taka. Vyote viwili huleta amonia majini, nayo ni sumu inayounguza mashavu ya samaki. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa hasa katika kichujio na kwenye changarawe, na aghalabu huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuwa wengi vya kutosha. Sisi tulitia maji siku ya Jumamosi, tukatia samaki siku ya Jumapili. Tuliwaleta wageni katika nyumba ambayo haikuwa na choo, kisha tukawashindilia chakula.

Anayetaka kuwafuga samaki hawa na aanze na subira. Tangi liwe na kina cha sentimita 45 au zaidi, kwa sababu malaika mzima, ukihesabu na mapezi yake, huweza kuzidi sentimita 20 kwenda juu. Na kwa samaki wawili maji yasipungue lita 100. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 25 na 28. Mombasa si kazi ngumu, lakini Nairobi, Nakuru au Eldoret katika baridi ya Julai, hita na kipimajoto ni vitu vya lazima. Umeme ukikatika, fungeni tangi kwa blanketi. Maji ya mfereji yana klorini, ambayo huua samaki pamoja na wale bakteria wema, kwa hiyo yatiwe dawa ya kuiondoa kabla ya kumiminwa. Kila wiki, badilisheni takriban robo ya maji. Msiyabadilishe yote kwa mara moja, na kichujio kisioshwe kwa maji ya mfereji bali kwa maji yaliyotolewa tangini.

Kuhusu chakula, kanuni ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifuata. Samaki wazima walishwe mara mbili kwa siku, kiasi wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili au tatu. Wadogo walishwe mara tatu au nne, lakini kidogo kidogo. Siku moja katika wiki samaki wazima wasipewe kitu, hawatadhurika. Mtu mmoja tu katika nyumba, au mwanafunzi mmoja wa zamu darasani, apewe jukumu hilo na aweke sahihi yake kila anapowalisha. Kwetu sisi daftari la binti yangu, lililoanza kama orodha ya misiba, sasa ndilo linalotulinda.

Chakula chenyewe kiwe cha namna mbalimbali. Vibanzi vikavu vya dukani ni msingi mzuri, lakini mwindaji huyu hunawiri anapopata nyama laini: viluwiluwi vya mbu, kwa mfano, mradi mtu asiviache ndooni hata vikaruka na kumletea malaria. Waliozoea shughuli hii huangua pia uduvi wadogo mno wanaoitwa Artemia. Mayai yao hukaa makavu kwa muda mrefu, na yakitiwa katika maji ya chumvi yenye joto na hewa ya kutosha, huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Ni chakula bora sana kwa watoto wa samaki. Ziwani kwetu, nako, kuna uduvi ambao Waluo huwaita ochonga, na kisayansi Caridina nilotica. Huvuliwa pamoja na omena, hukaushwa, na kutumiwa katika chakula cha mifugo na samaki. Ochonga aliyesagwa vizuri ni kitoweo ambacho malaika hakikatai.

Ndipo tufike kwenye swali lililotutoa machozi nyumbani: je, malaika na uduvi wanaweza kuishi pamoja? Jawabu langu ni kwamba wanaweza, lakini si kwa sababu wanapendana. Wanaweza pale ambapo mfugaji amewatenganisha kwa vipimo. Uduvi wekundu wanaouzwa sana, ambao asili yao ni mashariki ya Asia, mara nyingi hawazidi sentimita tatu, na hiyo ni tonge moja kwa malaika mzima. Kuna aina nyingine kutoka Japani na Taiwan, Caridina multidentata, ambao hufikia sentimita tano. Hao, wakiingizwa wakiwa wazima, tena kabla ya samaki, katika tangi lenye mimea mingi iliyosongamana na mapango ya mawe, wana matumaini ya kuishi. Wekundu wadogo nao wawekewe tangi lao wenyewe, ambamo watazaana kwa wingi bila hofu.

Uduvi wana mahitaji yao pia. Msidhani kwamba mabaki ya samaki na mwani wa kwenye kioo vitawatosha daima. Jani la mchicha lililochemshwa kidogo huwafaa, likiondolewa baada ya siku moja. Lakini tahadharini na mboga zilizopuliziwa dawa shambani, kwa sababu kile kinachomuua mdudu humuua na uduvi. Dawa ya mbu ya kupuliza, hasa ile yenye pareto au jamaa zake, isitumiwe katika chumba chenye tangi. Dawa za samaki zenye shaba nazo ni mauti kwao. Na mkikuta gamba tupu la uduvi chini ya tangi, msifanye matanga kwa haraka: uduvi hulivua gamba lake kila anapokua, kisha hujificha siku kadhaa hadi gamba jipya ligumu. Siku hizo ndizo anazohitaji maficho kuliko siku nyingine zote. Wala yeye si mnyonge wa kila wakati. Malaika watagapo mayai kwenye jani na kulala kidogo kwenye ulinzi, uduvi huyohuyo huweza kuyadokoa.

Hapa ndipo tangi dogo la sebuleni linaponifikisha kwenye tangi kubwa kuliko yote tuliyo nayo, yaani Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta alitiwa katika ziwa hilo ambalo hakuwa wa asili yake. Waliomleta walikuwa na nia njema: walitaka samaki mkubwa mwenye minofu mingi, na ni kweli kwamba mbuta ameleta ajira na fedha za kigeni. Lakini ziwa lilikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo, fulu, ambao hawakupatikana kwingine kokote duniani. Kufikia miaka ya 1980, idadi yao ilikuwa imeporomoka, na aina nyingi zilihofiwa kutoweka kabisa. Fulu walipoadimika, ochonga waliongezeka, na mbuta akawageukia hao. Hesabu ya daftari la binti yangu, kumi na wawili, tisa, wanne, ilikuwa hesabu ya ziwa zima kwa kipimo cha kijiko.

Mifano haiishii hapo. Mwaka wa 1970 kamba wekundu wa Marekani walitiwa katika Ziwa Naivasha, nao wakala mimea ya majini hata sura ya ziwa ikabadilika. Gugu maji, ambalo katika miaka ya 1990 liliziba ghuba ya Winam na kuwazuia wavuvi kutoka, asili yake ni Amerika ya Kusini, kama malaika, na lilitapakaa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Kwa ajili hiyo nawasihi wote wanaofuga: samaki, uduvi au mmea wa tangi usitupwe mtoni, bwawani wala ziwani, hata kwa huruma. Ukichoka naye, mpe mfugaji mwingine. Kumwachilia si kumpa uhuru. Ni kuhamishia kosa lako kwa viumbe wasiokujua.

Ninaamini kwamba shule nyingi zingeweza kuwa na tangi moja. Si lazima liwe na malaika. Ngege wachache katika pipa la plastiki watafundisha mengi. Mwalimu wa sayansi atapata humo bakteria, joto na hewa. Mwalimu wa hesabu atapata lita na sentimita. Mwalimu wa Kiswahili atapata kazi ya kuwauliza wanafunzi: huyu mnamwitaje, na jina hilo linatueleza nini, na linatuficha nini? Lugha yetu ina maneno ya kutosha kuyasema haya yote, nami nimejaribu kuyasema humu bila kukimbilia lugha nyingine. Anayedai kwamba sayansi haisemeki kwa Kiswahili na ajaribu kwanza kumweleza mtoto kwa nini uduvi wake wametoweka.

Nyumbani kwetu wamebaki malaika wawili. Tulingoja miezi miwili tangi likomae upya, kisha tukatia uduvi sita wakubwa, na wiki mbili baadaye tukawarudisha samaki. Daftari la binti yangu linaonyesha kwamba uduvi sasa ni watano. Mmoja alitoweka baada ya kuvua gamba, na tunadhani tunajua alikokwenda. Safari hii binti yangu hakulia. Aliongeza jiwe moja lenye pango, akaandika tarehe, na juu ya ukurasa, mahali alipokuwa ameandika neno malaika, alilikata kwa mstari mmoja na kuandika bendera.